Zamu ya Tarehe Saba

Nilisimama mlangoni mwa kanisa nikiwa na matope hadi magotini, viatu vyangu vyeusi mkononi, na binti yangu alikuwa amefika pale Petro anapokana mara ya tatu.

Faraja hakuniona. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiyo kwanza amepewa kusoma mateso mbele ya watu wote. Kwa wiki tatu alikuwa akisoma jikoni, akisoma zizini, akiwasomea mbuzi, hadi mimi mwenyewe nilijua jibu la Pilato kabla Pilato hajaulizwa. Kanisa lote lilikuwa limevaa nyeusi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, mabati yakidondosha matone ya mwisho. Sauti ya Faraja ilikuwa imesimama wima, haitetemeki. Mzazi mwingine angeegemea fremu ya mlango, akafumba macho, akaifyonza fahari ile taratibu kama mua.

Mimi nikasema, "Simama hapo hapo, mwanangu. Ndiva inapasuka."

Ndiva yetu ya Irindi iko kwenye bega la mlima, juu ya Gonja. Ni bwawa lililochimbwa kwa mkono na mababu wa watu hawa, kingo zake udongo na mawe, kabla mtu yeyote hajawaletea saruji. Jioni mwenye zamu huziba tundu la chini kwa mti mrefu uliozungushiwa magome ya mgomba. Usiku kijito kinalijaza bwawa. Alfajiri mwenye zamu ya siku inayoingia anauchomoa mti ule, maji yanateremka kwa mifereji kwenye mahindi na maharage. Kukizibwa, lazima kufunguliwe. Hakuna sheria iliyo kubwa kuliko hiyo, kwa sababu udongo hauna subira.

Zamu zinakwenda kwa siku za wiki. Ijumaa ni ya ukoo wa juu, wakulima wa Kilutheri tangu babu wa babu. Jumanne ni ya kitongoji cha chini, kina Athumani, ambao Ijumaa yao ni ya msikitini. Na tangu zamani kulikuwa na jambo dogo baina yao: Ijumaa Kuu ikifika, wa chini wanawafungulia maji wa juu ili wawahi ibada. Idi ikiangukia zamu ya wa chini, wa juu wanarudisha. Hakuna aliyewahi kuliandika. Mzee Hezroni, mlinzi wa pembe inayowaita watu kazini, alilitangaza kwa mdomo, wiki moja kabla, na likatosha.

Likatosha mpaka nilipokuja mimi.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa Msangeni, Ugweno, nikasomea uuguzi hadi stashahada, nikaolewa upande huu na Anderson, mwalimu, ambaye miaka mingi anafundisha Same na kuja nyumbani likizo. Nikawekwa kwenye zahanati ya kijiji. Chasu, lugha ya Wapare wa huku, nakisema, lakini nikifungua kinywa tu kina mama wanatazamana na kutabasamu. Nilipofikisha mwaka wangu wa kumi na tatu hapa, kamati ya ndiva ilinifanya katibu kwa sababu nilikuwa na kompyuta na sikuwa na woga wa mtu. Nikawatengenezea jedwali la zamu la mwaka mzima, na safu maalumu ya sikukuu. Sipendi mambo ya mdomo. Katika kazi yetu, dawa isiyoandikwa haikutolewa. Nililibandika mlangoni mwa duka, nikaona nimewatoa gizani.

Mwaka mmoja Athumani alifungua maji kinyume cha jedwali, akasema ndivyo walivyozoea. Nilimkuta dukani, watu wamejaa. "Bwana Athumani," nikamwambia, "hapa inasema karatasi, hayasemi mazoea." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alinunua kiberiti chake akaondoka.

Basi, Januari ya mwaka 2023 nilichukua jedwali la mwaka uliopita, nikabadilisha siku za wiki, nikapitia sikukuu haraka haraka kati ya wagonjwa wawili. Zisizohama zilikaa vizuri. Tarehe saba Aprili niliandika Siku ya Karume. Nikaongeza Siku ya Afya Duniani, kwa kuwa ni ya kazi yangu, nikaridhika na nafsi yangu. Ijumaa Kuu nikaiacha pale pale ilipokuwa mwaka uliotangulia, tarehe kumi na tano, na mwaka ule tarehe kumi na tano Aprili ilikuwa Jumamosi. Karatasi yenye Ijumaa Kuu ya siku ya Jumamosi ilikaa kwenye mlango wa duka miezi mitatu. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nimewafundisha wasiseme.

Masika yalichelewa mwaka ule. Mahindi yalikuwa yakijikunja majani, kwa hiyo ndiva ilizibwa kila jioni bila kukosa. Alhamisi ilizibwa vilevile. Halafu usiku ule ule mvua iliyokuwa ikitudai subira tangu Machi ikashuka yote kwa pamoja.

Asubuhi nilipitia zahanati kwanza kumtazama mama aliyejifungua, nikawa nimechelewa ibada. Nikakata kwa njia ya ndivani. Nilisikia kabla ya kuona: si mvumo, ni ukimya mzito, kama wa mtu aliyejaza mashavu pumzi. Maji yalikuwa yamefika juu kabisa. Mchirizi wa pembeni, ule wa kutolea maji ya ziada, ulikuwa umezibwa na matawi na tope. Upande wa bondeni ukingo ulikuwa unatoka jasho, na mahali pamoja lile jasho lilikuwa limeshakuwa uzi wa maji machafu. Chini yake, hatua mia moja hivi, kulikuwa na nyumba ya Athumani, na moshi haukuonekana kwa kuwa ni Ramadhani.

Niliteremka mbio nikipiga kelele. Safia, mkewe Athumani, alitoka na ufagio.

"Mama Rashidi, kwa nini hamkufungua maji? Leo si Ijumaa Kuu? Mmelala?"

Alinitazama kwanza miguu, halafu uso. "Mama Faraja, hujambo."

"Sijambo. Maji!"

"Baba Rashidi aliamka kwa daku, akachukua jembe, akafika mlangoni. Nikamwambia rudi. Karatasi haijasema. Unataka utukanwe tena dukani?"

Athumani alikuwa ametoka nyuma yake, kofia mkononi. Hakupaza sauti. "Umeandika Ijumaa Kuu ni wiki ijayo, Jumamosi. Nikasema labda Walutheri mmehamisha. Nyie ndio wasomi."

Nililiona jedwali zima kichwani, mstari kwa mstari, na ile tarehe kumi na tano ikanitazama. Wa juu walikwenda kanisani wakijua wa chini watafungua kama siku zote. Wa chini walibaki nyumbani kwa sababu ya maandishi yangu. Tarehe saba ilikuwa imebeba Karume, imebeba Afya Duniani, imebeba Ramadhani na Msalaba, na katika mizigo yote hiyo mtu wa kuchomoa mti hakuwepo.

Athumani alikuwa amekwisha kuutazama ukingo. "Safia, toa watoto, wapande kwa bibi yao. Mimi nakwenda kuita wa msikitini." Akanigeukia. "Wewe kawaite wa kwako. Bila pembe hawatoki."

Hivyo ndivyo nilivyofika pale mlangoni.

Niliposema ndiva inapasuka, watu wote waligeuka kwa pamoja, mabenchi yakalia. Faraja akainua macho. Nilimwona akiniona: matope, nywele, viatu mkononi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu huona aibu hata mama akikohoa. Sikuwa na nafasi ya kumwomba radhi.

Melkizedeki, ambaye mahindi yake ndiyo yangekunywa maji ya asubuhi ile, aliruka juu. "Wa chini hawakufungua! Nilisema mimi. Wamelala na saumu zao, sisi tuzame!"

Mnong'ono ukapita, na ulikuwa wa kukubali. Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: kwa muda wa pumzi moja niliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu, tukimbilie majembe, na maneno ya Melkizedeki yangekaa yalipokaa, mwaka hadi mwaka, kama yanavyokaa maneno ya namna hiyo.

"Keti, Melkizedeki," nikasema. "Wa chini hawana kosa. Jedwali nimelikosea mimi. Ijumaa Kuu nimeiandika tarehe kumi na tano. Athumani alishika jembe alfajiri, akalirudisha kwa sababu mimi nilimkataza kufuata anachokijua. Kosa ni langu, peke yangu. Sasa tokeni."

Hawakutoka. Watu wa Irindi hawaendi kwenye msaragambo, kazi ya wote, bila pembe kulia. Kelele ya mwanamke mmoja si pembe. Na vichwa vikamgeukia Mzee Hezroni kwenye benchi la mbele, suti yake nyeusi imefungwa vifungo vyote.

Alisimama polepole. Mzee huyu alikuwa kijana wa kuota ndevu wakati habari za kuuawa kwa Karume zilipofika mlimani kwa redio ya betri. Tangu hapo kila tarehe saba Aprili huvaa suti ile ile, hata iwe siku ya kupalilia. Anaheshimu siku kuliko watu wanavyoheshimu shamba. "Tangu babu zetu wabatizwe," alisema, "pembe haijawahi kulia Ijumaa Kuu. Tulikubaliana hivyo, na wa chini wakaja kutufungulia maji kwa sababu hiyo hiyo." Akamtazama mwinjilisti Loth. Mwinjilisti Loth akatazama madhabahu. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, na juu yetu maji yalikuwa hayamngoji mtu.

Ndipo sauti ikatoka pale penye kisomeo.

"Babu Hezroni, shikamoo." Faraja alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa. "Nimefika mstari wa sitini. Nitaweka alama. Jogoo hajawika bado."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko cha kukabwa, kisha kingine. Mzee Hezroni alimtazama mtoto kana kwamba amesomewa amri ya kumi na moja.

"Marahaba," akasema. Akaanza kufungua vifungo vya koti.

Pembe ililia Ijumaa Kuu. Ililia mara tatu, na wa chini wakajibu kwa mayowe kutoka ndivani, maana walikuwa wamekwisha fika.

Nimeona kazi nyingi maishani, nimeona watu wakimbeba mzazi kwenye machela kutoka Irindi hadi hospitali ya Gonja bila kumweka chini. Lakini sijaona kazi kama ile. Wanaume wa nguo nyeusi na wanaume wa kanzu zilizokunjwa hadi kiunoni walisimama mstari mmoja wakipitisha mawe. Kina mama walijaza udongo kwenye viroba vya mbolea; tukavikanyagia pale penye uzi wa maji, na uzi ukawa mnene, na tukaongeza. Vijana walifukua mchirizi wa pembeni kwa mikono kwa sababu majembe yalikuwa yakinasa kwenye matawi. Athumani na Melkizedeki waliingia majini, maji kifuani, kuutafuta mti wa kizibo.

"Huu hapa!" Athumani akapiga kelele. "Vuta!"

"Navuta! Wewe husukumi, umefunga!"

"Nimefunga tangu alfajiri, maji yote haya yamenifika mdomoni na siwezi kumeza hata tone. Wewe umekula mkate, vuta!"

"Leo na sisi hatujala, ndugu yangu. Ni siku ya mateso."

"Basi tusizame na njaa bure. Moja, mbili!"

Watu walicheka huku wakibeba. Mama mmoja akanipitia na kiroba kichwani. "Mama Stashahada, karatasi yako inaelea? Tupe tuizibie tundu." Nikamwambia haitoshi, nina ya miaka mitatu nyumbani, aichukue yote.

Ilipofika adhuhuri wa chini waliswali kwa mafungu juu ya ukingo, kumi wanainama na kumi wanashikilia viroba, kisha wanabadilishana. Imamu wao alisema shida imeondoa Ijumaa, waswali Adhuhuri tu. Walipokuwa wakiswali, watu wa juu walipitisha mawe kimya. Hakuna aliyeagiza.

Mti ulitoka karibu saa nane na nusu. Uliruka kama jino la mtoto, Athumani akaanguka chali, na maji yakaingia mfereji mkuu kwa mngurumo ambao nadhani ulisikika tambarare. Ukingo ulikatika kipande kimoja cha hatua nne hivi, upande wa kusini. Kilishuka na maharage ya Safia, tuta kwa tuta, yote. Nyumba ilibaki. Mwili mzima wa ndiva ulibaki.

Tukasimama tukihema. Hakuna aliyeshangilia. Halafu kengele ya kanisa ikalia saa tisa, maana mzee wa kengele alikuwa mgonjwa wa miguu na alibaki kwenye kazi yake. Kwa Wakristo ile ni saa ya kufa Bwana. Wakatazamana, matope hadi masikioni. Mwinjilisti Loth akajaribu kupangusa miwani kwa shati lililokuwa chafu kuliko miwani.

"Kanisani hatuingii hivi," alisema. "Faraja. Alama yako iko wapi?"

Alikuwa amebeba Biblia ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kwapa, saa zote zile, akipitisha mawe kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimemgombeza mara mbili kwamba anafanya kazi nusu. Akapanda kwenye rundo la viroba, akafungua, akaendelea mstari wa sitini: jogoo akawika. Hakukosea neno. Wa juu walisimama. Wa chini walikaa kando kwenye nyasi wakingoja futari iliyo mbali, na Safia, ambaye shamba lake lilikuwa limelala chini ya tope mbele ya macho yake, alikuwa amemshika mwanawe mdomo ili asipige kelele mpaka Faraja amalize.

Sioni haya kusema kwamba nilisimama mrefu. Watu wanasema kiburi ni dhambi, na siku yenyewe ilikuwa hiyo. Watanisamehe. Nilikuwa na mtoto yule, na nilikuwa na watu wale, na kosa lilikuwa langu, na vyote vitatu nilivibeba kwa wakati mmoja bila kudondosha kimoja.

Jedwali bado naliandika mimi. Lakini sasa, kila Januari, siliweki mlangoni mwa duka kabla halijasomwa kwa sauti ndivani. Loth analeta Pasaka yake, Athumani anakadiria mwezi wake na kuniambia niandike kwa kalamu ya risasi, Mzee Hezroni anakaa na suti anahakikisha Karume na Mwalimu hawajakanyagwa. Tunabishana nusu siku. Faraja, ambaye sasa yuko sekondari, husema ndilo bunge pekee analoliamini.

Lakini mkutano ninaoukumbuka zaidi ni ule wa kwanza baada ya mkasa. Ulifanyika tarehe kumi na tano Aprili, Jumamosi, na Athumani alinipokea akisema, "Karibu, Mama Faraja, heri ya Ijumaa Kuu." Wakacheka hadi mwinjilisti Loth akageukia ukuta. Nilikuja na barua ya kujiuzulu, nimeiandika vizuri, ina tarehe na sahihi. Nikamkabidhi Mzee Hezroni kwa mikono miwili. Aliikunja bila kuisoma, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

"Katika ndiva hii," alisema, "anayesababisha ukingo ukatike anatozwa. Utapika makande ya watu wote watakaojenga ukingo, kwa mikono yako, na utayapandisha mwenyewe kichwani. Na maharage ya mama Rashidi utayapanda upya, matuta yote."

Wote wakanigeukia. Safia alikuwa ananitazama kwa macho makali, kama mtu anayekusubiri uelewe. Nikamwuliza kwa ishara, kuna nini? Akaniinamia.

"Miaka kumi na sita uko hapa," akaninong'oneza. "Umevunja mfereji wa Eliezeri mara mbili, mbuzi wako wamekula mahindi ya watu. Umeshawahi kutozwa?"

Sikuwahi. Nilidhani ni heshima ya zahanati.

"Mgeni hatozwi, mama," alisema Safia. "Mgeni anasamehewa."

Nilikaa nikalitafakari hilo. Kisha nikasimama. Nikawaambia wazee, kwa kosa kubwa namna ile, faini waliyonipa ni ndogo.

Mzee Hezroni hakuinua hata kichwa.

"Basi uje na kuni zako," akasema.